Kibwezi ya Mchana

Jumatatu, 3 Juni 1996
Daktari wa kliniki amenipa daftari. Akasema, "Nyanya, kila siku andika kifua cha mtoto kimeamkaje, na hali ya hewa. Mstari mmoja unatosha." Nikamwambia herufi ninazo, nilizipata kanisani kwa kusoma Marko na mama mmoja mkali sana, lakini shuleni sikuketi hata siku moja. Akasema basi vizuri. Mstari mmoja! Kifua cha mtoto hakiishi peke yake. Kinaishi na moshi na maji baridi na watu wa nyumba. Nitaandika yote, achague mwenyewe.
Umoja, Nairobi. Mawingu. Jua halijaonekana tangu Ijumaa. Mourine, mjukuu wangu, filimbi kidogo kifuani asubuhi.

Jumanne, 4 Juni
Mawingu. Filimbi.

Alhamisi, 6 Juni
Blanketi la Mourine nililifua Jumatatu. Leo ni Alhamisi na bado linanuka mbwa. Nalitoa, manyunyu yanaanza. Nalirudisha, manyunyu yanaacha. Nimechoka kuchezewa.
Mwanangu Mulama ameanza tena habari ya Kibwezi. Huyu amekuwa gadi wa treni ya abiria, Nairobi kwenda Mombasa na kurudi, miaka ishirini na miwili. Aprili alistaafu, na tangu hapo anakaa kwenye kochi kama gunia la mahindi linalongoja gari. Sasa ameota shamba. Rafiki yake Mativo, aliyekuwa akipunga bendera na taa katika stesheni ya Kibwezi, anauza kipande, na Mulama amemwahidi watatia sahihi mwisho wa Agosti.
"Mama, Kibwezi kuna hewa," anasema. "Ukishuka tu pale unasikia upepo umekupokea. Kukavu. Hakuna tope, hakuna hii baridi ya mifupa. Mtoto atapona."
"Nani anaishi huko?"
"Watu wanaishi."
"Watu wanaishi hata Mathare, Mulama. Nauliza wanaishije."
Akafungua redio.
Mipango yenyewe ni hii: Mulama, mimi na Mourine twende. Phelister, mke wake, abaki hapa kwa sababu ana kazi ofisi ya kaunsili, awe anakuja mwisho wa mwezi. Phelister alikuwa anakata sukuma wiki, hakusema neno. Huyo husema kidogo, na mimi mtu asemaye kidogo namtilia shaka. Naona anataka nyumba ipumue, sisi twende tukakaangwe.
Filimbi, usiku na asubuhi.

Ijumaa, 7 Juni
Filimbi. Maji ya bomba yamekatika. Tumepanga mitungi mpaka kwa fundi viatu.

Jumapili, 9 Juni
Asenath, jirani ambaye mlango wake unaangaliana na wetu, ameniuliza baada ya kanisa, "Mama Mulama, kwani nyumbani kwenu Butere kuna nini hata mtoto asiende huko? Shamba lipo, nyumba ipo."
Asenath ana roho nzuri na mdomo mpana. Nikamweleza. Butere ni kwangu. Mume wangu amelala huko na mimi nitalala kando yake, hilo halina mjadala. Lakini Aprili nilimpeleka Mourine huko kwa likizo. Mvua ya Butere inakuja kila siku saa tisa, kama mtu aliyeandikwa kazi. Kuta zinatoa jasho. Siku ya nne mtoto aligeuka rangi midomoni, nikambeba mpaka hospitali ya masista. Sirudii.
"Basi kaa Umoja."
"Umoja nayo si unaiona?"
Tukaangalia juu wote wawili. Kijivu kama maji ya vyombo.
"Basi nenda Kibwezi," akasema, "ukauzie mbuzi mrenda."
Nilicheka, lakini liliniuma. Kibanda changu cha mboga kando ya soko kina miaka kumi na moja. Watu wa kwetu wanatoka mpaka Huruma kuja kununua saga na mrenda kwangu kwa sababu mimi sichanganyi majani ya jana na ya leo. Jumatano ni mkutano wa akina mama. Nikiumwa, kuna wanawake sita watakaobisha mlango kabla ya chai. Hali ya hewa si mawingu peke yake. Hata hao sita ni hali ya hewa.
Filimbi kidogo.

Jumatano, 12 Juni
Manyunyu. Filimbi.

Jumamosi, 15 Juni
Jua saa moja nzima! Nikatoa magodoro yote. Likajificha tena. Filimbi.

Jumanne, 18 Juni
Mulama amechora shamba kwenye karatasi. Hapa mapapai, hapa kuku, hapa chumba cha Mama chenye dirisha la upepo. Nikamuuliza maji yako wapi. Akachora mstari. Nikamwambia mimi sitakunywa kalamu.
Filimbi.

Jumatatu, 1 Julai
Daktari amesoma daftari. Amecheka peke yake kama mjinga, halafu akaacha kucheka. Akasema siku njema zilikuwa mbili katika mwezi mzima, na Julai hapa ndiyo mbaya zaidi. Akasema mahali pa joto na pakavu huenda pakamsaidia, lakini hawezi kuapa, vifua havifanani. Angalau huyu hadanganyi.

Jumamosi, 6 Julai
Siku hii naiandika leo Jumapili, kwa maana jana sikuwa na mkono.
Asubuhi kulikuwa na ukungu hadi chini. Nyuma ya ploti yetu mtu alichoma takataka, na moshi haukupanda, ulilala juu ya mabati kama ng'ombe. Niliziba dirisha kwa matambara. Ukapita chini ya mlango. Mourine alikuwa anapiga pasi sare yake, akaiweka pasi chini polepole, akakaa. Akasema, "Kukhu, naona kama chumba kimekuwa kidogo."
Kukhu ni mimi, nyanya yake, kwa lugha yetu.
Nikampulizia ile dawa ya kuvuta tuliyopewa kliniki. Mara mbili, mara tatu. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, shingo imekauka kama kamba, na filimbi ikaanza kupungua. Asiyejua angefurahi. Mimi nilijua. Filimbi ikiisha na mtoto bado anavuta, ujue hakuna hewa inayopita hata ya kupiga filimbi.
Mulama alisimama katikati ya nyumba akisema, "Nitafute gari, nitafute gari," na hakuenda popote. Mtu aliyeongoza treni ya mabehewa kumi na nne! Nikamfunga Mourine mgongoni kwa leso, miaka kumi, miguu inagonga magoti yangu, nikatoka. Sijui Phelister alitoka saa ngapi. Nilisikia tu mtu ananisukuma kiunoni kwa nyuma, kwa mikono miwili, kama anayesukuma mkokoteni, na hivyo ndivyo nilivyopanda ile kona ya kanisa bila kusimama. Hakuwa na viatu. Nilipogeuka kumwambia apunguze, niliona analia na mdomo umefungwa.
Kliniki walimwekea mashine ya mvuke. Saa tano filimbi ilirudi. Sijawahi kushukuru sauti mbaya namna ile.
Tulikaa kwenye benchi, mimi na Phelister, nguo zimelowa. Akasema, "Mama, kila siku ukilala mimi huketi mlangoni kwake nikihesabu pumzi. Ndiyo maana siongei mchana. Nina usingizi."
Miaka kumi na mbili nimeishi na huyu mtoto wa watu na nilidhani ana kiburi.
Nikamwambia, "Leo utalala. Nitahesabu mimi."

Jumanne, 9 Julai
Amerudi nyumbani. Filimbi. Mawingu, bila shaka.

Alhamisi, 11 Julai
Leo nimefungua kinywa. Nilikuwa nachambua kunde, Mulama anasifu upepo wa Kibwezi kwa mara ya mia.
"Treni yenu," nikasema, "ilikuwa inapita Kibwezi saa ngapi?"
"Ya kwenda, saa sita za usiku."
"Na ya kurudi?"
"Kama saa nane hivi, saa tisa. Ya usiku pia."
"Na mchana?"
"Mchana tuko Mombasa tumelala, Mama. Au tuko Nairobi."
"Nauliza, mchana umeiona Kibwezi lini?"
Akafikiri. Nilimwona akifikiri, ishirini na miwili yote inapita machoni kama mabehewa. Phelister aliacha kufua.
"Nilikuwa nashuka," akasema, "nikisimama na Mativo dakika kumi. Kuna upepo mzuri sana."
"Saa sita za usiku hata jehanamu labda kuna upepo mzuri! Mulama, unataka kunihamishia mahali ambapo hujawahi kupaona kukiwa na jua?"
Mourine akacheka mpaka akakohoa. "Baba, hiyo ni noma!"
Nikamwambia yule mwanangu: sihamii mahali ambapo sijapika. Shule zikifungwa tutaenda, siku kumi, kwa basi, na tutaingia saa sita za mchana. Nitafua huko, nitateka maji huko, nitasonga ugali huko. Halafu nitasema.
Alikwenda akakunja ile karatasi ya mapapai.
Filimbi.

Jumatatu, 22 Julai
Manyunyu. Filimbi. Asenath ana homa, nimempelekea uji.

Ijumaa, 2 Agosti
Shule zimefungwa. Filimbi.

Jumatatu, 5 Agosti. KIBWEZI
Tumeingia saa sita na robo. Mlango wa basi ulifunguliwa nikadhani tumesimama kando ya tanuri la mkate. Ardhi nyekundu, vichaka vya miiba, mbuzi wamesimama kwenye kivuli cha nguzo ya simu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa foleni.
Mulama alisimama barabarani akageuka pande zote. Akasema, "Stesheni iko wapi?" Miaka ishirini na miwili! Tukaonyeshwa na mtoto wa chekechea.
Mativo alikuwa ametungojea. Alimpita Mulama akaja kunisalimu mimi, Mulama naye akamwuliza, "Mzee, unamjua Mativo?" Walikuwa hawajawahi kuonana usoni ila kwa taa. Basi wakashikana wakacheka mpaka wakaketi chini. Nilicheka pia, siwezi kukana.
Mke wake, Mbithe, alitupokea amevaa sweta la sufu, na kitambaa shingoni. Mimi jasho lilikuwa linaingia machoni.
"Mama, unaumwa?" nikamwuliza.
"Hapana, susu. Ni baridi. Hii ndiyo miezi yetu ya baridi." Huko nyanya wanamwita susu.
"Na joto linakuja lini?"
"Aaa, joto njoo Februari," akasema, kwa huruma, kama mtu anayekutajia ugonjwa.
Nikamtazama Mulama. Mulama akatazama viatu vyake.
Filimbi ya safari.

Jumanne, 6 Agosti
Maji ni mwendo wa saa moja kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya mtungi. Mbithe ana punda. Punda ameniuma. Lori lilipita likatutupia vumbi, na jioni Mourine akafunga kifua, filimbi kali. Nilikuwa nimeshafunga mizigo. Nikamwambia Mulama, tazama, umetuleta kwenye vumbi kutoka kwenye moshi. Alikuwa ameweka kitambaa chenye maji kichwani. Tangu jana hatoki kivulini.
"Sikujua, Mama."
"Ulijua usiku wake."
Nilijuta nilipolisema. Sura yake ilikuwa ya mtoto.

Jumatano, 7 Agosti
Asubuhi filimbi ndogo. Mchana hakuna.
Nimefua blanketi saa mbili. Saa nne limekauka. Nililigusa mara tatu. Nikalifua tena, kwa hasira tu.

Alhamisi, 8 Agosti
Hakuna filimbi. Hapa hakuna mrenda, hakuna saga. Chakula chao ni mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wanaita muthokoi. Unatafuna hadi unasahau ulichokuwa unazungumza. Kanisa ni mbali na wanaimba polepole.

Ijumaa, 9 Agosti
Hakuna.

Jumamosi, 10 Agosti
Hakuna. Sipapendi hapa. Ngozi yangu imepasuka kama ya kenge. Nzi wanazaliwa wakijua jina langu. Jirani wa karibu, ukimwita anasikia mbuzi wake kwanza. Nikianguka hapa nani atabisha mlango?

Jumapili, 11 Agosti
Nilimkosa Mourine baada ya ibada. Nikazunguka nyumba, nikaita, hakuna. Mbithe akanishika mkono akanionyesha kule bondeni.
Alikuwa anakimbia. Yeye na mabinti wawili wa Mbithe, wanafukuza mbuzi, au mbuzi wanawafukuza. Amevua viatu. Alikimbia mpaka kwenye ule mti uliokauka, akageuka, akakimbia tena kurudi, mdomo wazi, anapiga kelele. Anapiga kelele akikimbia! Pumzi ya kukimbia anayo, na ya kelele imebaki.
Sijamwona mtoto huyo akikimbia tangu darasa la pili. Yuko la nne.
Nilikaa chini kwenye ile ardhi ya moto. Mbithe akaketi nami na sweta lake. Hakusema kitu, na mimi sikumtilia shaka.

Jumatano, 14 Agosti
Hakuna. Siku ya saba. Kesho tunarudi.

Alhamisi, 15 Agosti. UMOJA
Mawingu. Nimekumbatiana na kibanda changu kama mtu. Asenath alinilindia, lakini amechanganya majani ya jana.

Jumamosi, 17 Agosti
Filimbi imerudi.

Jumanne, 20 Agosti
Leo tumegombana na Mulama, na Umoja nzima imesikia.
Alianza yeye. Alikuja na sauti ya chini, amenyoa ndevu. "Mama, nimefikiri. Ulikuwa na haki. Lile ni jangwa. Nimemwandikia Mativo barua kumwambia sitaweza. Nitatafuta mahali pengine, pole pole. Mwaka ujao."
"Umeituma?"
"Bado. Iko mfukoni."
"Lete."
Akanipa. Nikaichana vipande vinne nikavitia kwenye jiko. Vikatoa moshi, Mourine akakohoa, nikazidi kukasirika.
"Lakini Mama, ni wewe uliyesema..."
"Nilisema nitapika kwanza! Nimepika. Maji yako mbali, chakula kigumu, punda ni shetani, na Februari sijaionja na naiogopa. Yote hayo nimeyaona. Na mtoto amelala siku saba kama mtoto. Hilo wewe hukuliona?"
"Nililiona."
"Basi barua ya nini?"
Akakaa kwenye kochi. Akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Nimeogopa. Kazini nilikuwa najua kila kitu, Mama. Kilomita kwa kilomita. Kumbe nilikuwa sijui hata rangi ya udongo. Kama nilikosea hilo, nitakosea mangapi? Nikiwaua huko?"
Wakati wote huu nilidhani ni mtu wa majigambo. Ni mtu aliyetolewa gizani ghafla akaambiwa atazame.
Nikamwambia, "Utakosea. Nitakufokea. Utatengeneza. Kuna kazi nyingine ya mwanamume?"
Phelister alikuwa mlangoni na mkoba wa kazi. "Mama, mimi naweza kuacha kazi twende wote."
"Hakuna. Wewe kaa na kazi yako, dawa hainunuliwi kwa mbuzi. Na ulale. Pumzi nitahesabu mimi, na zikinishinda nitakuita, uje hata na miguu mitupu."
Akacheka, akalia, akachelewa ofisini.
Kutoka mlango wa mbele yetu Asenath akapaza sauti: "Kwa hiyo mnaenda au hamwendi? Nimeunguza maharagwe!"

Ijumaa, 23 Agosti
Filimbi. Mulama na Mativo wametia sahihi. Walikutana saa sita za mchana, nimesisitiza.

Jumatano, 28 Agosti
Mkutano wangu wa mwisho wa akina mama. Wameniombea nusu saa, wengine kwa uchungu, mmoja kwa kuonyesha sauti. Kibanda nimemwachia Asenath. Nimemwapisha juu ya majani ya jana. Akaapa, halafu akanishika akaninyima pumzi, kifua chake kikubwa kile.
"Mama Mulama, utanifia huko juani."
"Nikifa nitapelekwa Butere, nitapita hapa nikusalimie."
"Usiniletee mzaha."
"Basi njoo Februari utuzike wote."
Filimbi.

Jumamosi, 31 Agosti
Kesho asubuhi. Mizigo iko mlangoni. Mulama amekwenda kulipia viti vya basi, Phelister anashona kitufe cha sare mpya ambacho hakijalegea.
Mourine alikuwa anakula, anavuta pumzi kidogo kidogo, mabega juu. Amekuwa akinitazama tangu juzi. Akaweka kijiko.
"Kukhu, si wewe hupendi kule?"
"Sipendi."
"Hata kidogo?"
"Hata kidogo."
"Sasa ukifika huko uendelee kupachukia, itakuwaje?"
"Nitapachukia nikiwa huko huko," nikamwambia. "Kula."